Santuri zinazotolewa upya: tuulize kanda ilitoka wapi na nani alipiga

Mhariri,

Salamu kutoka Ngamiani, Tanga. Naandika kujibu makala iliyotoka katika ukurasa wenu wa burudani, ambamo mwandishi alisema santuri za jazi na roki zinazotolewa upya Marekani na Uingereza ni njia ya kumuuzia mtu mara ya pili kitu ambacho tayari anacho, na kwamba mpenzi wa kweli wa muziki hutafuta chapa ya kwanza, yaani ile iliyochapwa albamu ilipotoka mara ya kwanza, au hanunui kabisa. Mwandishi anaupenda muziki, hilo linaonekana katika kila aya. Lakini hapo amekosea, na nisingependa vijana walioanza juzi kukusanya santuri waishike kauli hiyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Jumamosi jioni tunakutana wapenzi wachache nyuma ya duka la fundi wa redio na amplifaya. Yupo fundi mwenyewe, yupo dereva wa malori aliyestaafu ambaye hatulii mpaka asikie Pink Floyd, yupo mhasibu kijana, na yupo binti mmoja muuguzi anayeipenda saksafoni kuliko sisi sote. Kila mtu huja na alichopata. Santuri zenyewe madukani hapa hazipo. Huja na ndugu anayerudi kutoka London au Maskati, zimelazwa kwenye begi katikati ya nguo. Santuri moja mpya iliyotengenezwa vizuri huzidi dola 30 kabla ya ushuru. Kwa hiyo hatununui ovyo, na kabla ya kununua tunabishana sana.

Nianze na hiyo chapa ya kwanza inayosifiwa. Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis ni miongoni mwa santuri za jazi zilizouzwa sana kuliko zote. Ilirekodiwa New York, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, ikatoka Agosti mwaka huohuo. Siku ile ya Machi, mashine kuu ya kanda ilikuwa inazunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Mwanafunzi wangu yeyote wa kidato cha tatu angeweza kusema kinachofuata: kanda iliyorekodiwa kwa mwendo wa chini, ikichezwa kwa mwendo sahihi, kila kitu kinaenda mbio na kila sauti inapanda. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka zimepanda, kwa kiasi kisichofika nusu toni, yaani umbali wa kibonye kimoja cha piano hadi kinachofuata. Sikio la kawaida halishtuki. Lakini anayejifunza tarumbeta au piano kwa kufuatisha santuri hiyo ataona chombo chake hakikubaliani nayo, na atadhani tatizo ni lake.

Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 30. Kosa lilirekebishwa mwaka 1992, waandaaji wa toleo jipya walipotumia kanda ya akiba, iliyorekodiwa siku ileile kwa mashine ya pili ambayo mwendo wake ulikuwa sawa. Tena baadhi ya chapa za mwanzo ziligeuza majina ya nyimbo mbili za upande wa pili, All Blues ikaandikwa Flamenco Sketches, na Flamenco Sketches ikaandikwa All Blues. Mwenye chapa ya 1959 ana kitu cha thamani kubwa, na akinikaribisha kwake nitaishika kwa mikono miwili. Lakini anayetaka kusikia Davis, John Coltrane wa saksafoni na Bill Evans wa piano kwa sauti ileile waliyoisikia wao mle studioni siku ile, hana budi kushika toleo la 1992 au yale yaliyofuata njia yake. Hapo chapa ya kwanza inatupa kumbukumbu ya biashara ya 1959, na toleo jipya ndilo linalotupa muziki.

Yapo mambo mengine ambayo chapa za zamani zilifanya kwa sababu nzuri, ila sababu hizo leo hazipo. Rudy Van Gelder, aliyerekodi santuri nyingi za kampuni ya Blue Note, kwanza sebuleni kwa wazazi wake Hackensack, New Jersey, kisha kuanzia 1959 katika studio yake ya Englewood Cliffs, ndiye pia aliyekuwa akichonga santuri hizo, yaani kukata mifereji ambayo sindano huifuata. Herufi zake RVG zinaonekana karibu na lebo, pale mifereji inapokwisha. Besi nzito hufanya mfereji upinde sana huku na huku, na sindano ya gramafoni ya bei nafuu ya wakati ule ingeruka. Kwa hiyo wakati wa kuchonga aliipunguza besi ya chini ili santuri ichezeke katika nyumba ya mtu wa kawaida. Alifanya vema. Leo hata mashine ya fundi wetu, aliyoiunganisha kwa vipuri vya mashine nyingine zilizokufa, inaweza kuufuata mfereji huo bila shida. Tangu 2019 Blue Note wana mfululizo uitwao Tone Poet, unaosimamiwa na Joe Harley, na anayechonga kutoka kwenye kanda zenyewe ni Kevin Gray. Binti yetu muuguzi alipoisikia ya kwanza alinyamaza upande mzima, halafu akaniuliza, "Mwalimu, huyu mpiga besi alikuwa wapi siku zote?" Alikuwa kwenye kanda, mwanangu. Alikuwa akisubiri sindano nzuri.

Kwa kuwa nimegusa fizikia, niseme na hili kwa wanaouliza kwa nini baadhi ya matoleo mapya huja kwa santuri mbili za mwendo wa mizunguko 45 kwa dakika badala ya moja ya 33. Santuri ya inchi 12 inazunguka kwa mwendo uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini mfereji wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Kwa mwendo wa 33, sindano inapita karibu sentimita 50 kwa sekunde pale nje, na ikifika karibu na lebo inapita kama sentimita 21 tu. Sauti nyembamba, kama za matoazi, zinabanwa mahali padogo na kuanza kukwaruza. Kwa mwendo wa 45 pale ndani unapata karibu sentimita 28. Ni hesabu ya darasani, na sikio linaisikia. Sababu ya kulipia zaidi ipo, ingawa mtu ana haki ya kuona usumbufu wa kuinuka kugeuza santuri kila baada ya nyimbo mbili hauna faida.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo lililomkasirisha mwandishi wenu, na hapa niko pamoja naye kwa sehemu. Kampuni ya Marekani iitwayo Mobile Fidelity ilijijengea jina kwa kutoa upya jazi na roki kwa bei ya juu, na wanunuzi wengi wakiamini kwamba sauti inatoka kwenye kanda mama, ile iliyorekodiwa studioni, moja kwa moja hadi kwenye santuri bila kugeuzwa kuwa dijitali popote njiani. Julai 2022 Mike Esposito, mwenye duka la santuri Phoenix, Arizona, alitoa video akisema sivyo ilivyo. Kampuni ikamkaribisha kwenye ofisi zake Sebastopol, California, na mafundi wake wakaeleza mbele ya kamera kwamba kanda zilikuwa zikinakiliwa kwanza kwa dijitali. Kesi zikafuata, na kampuni ikakubali mpango wa fidia unaoweza kufika dola milioni 25.

Jumamosi habari hiyo ilipotufikia, duka la fundi lilikuwa na kelele kama soko la Mgandini asubuhi. Dereva alitaka tusizinunue tena kamwe. Mimi nilishikilia kwamba masikio hayakudanganywa: santuri zilezile zilizosifiwa mwezi Juni hazikuharibika sauti mwezi Julai, na nakala ya dijitali ikifanywa kwa kiwango cha juu hubeba yote ambayo mwanadamu anaweza kuyasikia. Ndipo mhasibu kijana, ambaye kwa kawaida hukaa kimya, akasema, "Sawa, Mwalimu. Lakini mtu aliyeahidiwa njia, na akalipia njia, sauti nzuri peke yake haimlipi." Nimekuwa nikiyarudia maneno hayo tangu siku hiyo. Sauti ilikuwa nzuri, na bado palikuwa na kosa, na kosa lenyewe lilikuwa juu ya jalada, katika yale yasiyoandikwa. Baadaye kampuni ilianza kueleza wazi chanzo cha kila santuri. Hilo ndilo lililotakiwa tangu mwanzo.

Hiki ndicho kipimo ninachoomba waandishi wenu wakitumie, Mhariri. Wakituandikia habari za toleo jipya, watuambie limetoka kwenye kanda gani, nani aliishughulikia na lini, limebadilishwa nini, na wapigaji ni akina nani. Toleo linalosema hayo yote waziwazi ni kazi ya heshima hata kama hatulipendi. Toleo linaloyaficha ni la kutilia shaka hata likisikika vizuri.

Chukua bendi ya roki ya Queen. Mwimbaji wao Freddie Mercury ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946, na sisi wa pwani hatuwezi kumsikiliza kama mgeni. Albamu yao ya kwanza ya 1973 ilirekodiwa katika studio ya Trident, London, katika saa ambazo studio haikuwa na wateja wengine, na bendi haikuridhika na sauti ya ngoma, kavu na iliyobanwa. Oktoba 2024 waliitoa upya ikiwa imechanganywa sauti kutoka mwanzo, ngoma zikapewa nafasi, na wimbo uitwao Mad the Swine, ulioachwa nje mwaka 1973, ukarudishwa mahali pake. Hata jina limebadilika, sasa inaitwa Queen I. Dereva wetu anasema huko ni kuandika historia upya. Mimi naona wenye kazi wamesema wazi walichofanya, na jalada halimfichi mnunuzi kwamba hiki ni kitu cha 2024. Ninachodai ni kwamba ile ya 1973 isipotee sokoni, kwa sababu ndiyo waliyoisikia vijana wa wakati ule, na ngoma zile kavu ni sehemu ya ukweli wa bendi isiyokuwa na pesa ya studio.

Na Beatles vilevile. Mwaka 1967 walipokuwa wakitengeneza Sgt. Pepper, bendi na mtayarishaji wao George Martin walitumia muda mwingi zaidi kwenye mchanganyo wa mono, yaani sauti yote katika mkondo mmoja badala ya miwili ya stirio, kwa kuwa ndio watu wengi wa Uingereza wangeusikia nyumbani. Kisha stirio ikatawala, na kwa miaka mingi dukani ikawa ndiyo hiyo tu. Mpaka matoleo ya mono yalipotoka kwa sidii mwaka 2009 na kwa santuri mwaka 2014, mashabiki wengi wa rika la chini hawakuwahi kusikia kwamba wimbo She's Leaving Home katika mono unaenda kwa kasi zaidi na umepanda nusu toni. Hao wanasemaje, wale wanaodai toleo jipya haliongezi kitu?

Lakini lililonifanya nichukue kalamu kweli ni santuri nyingine. Novemba 1960, New York, mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika. Ulikuwa mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na Tanganyika ilikuwa bado inasubiri Desemba ya mwaka uliofuata. Bendi ilikuwa kubwa: Max Roach alikuwemo, Freddie Hubbard, Clark Terry, Yusef Lateef, na Babatunde Olatunji kwenye ngoma. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno. Mpangaji wa muziki wote, aliyeandika kila ala ipige nini, alikuwa mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni. Na sauti ya kwanza inayozungumza humo inazungumza Kiswahili. Ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Sehemu moja inaitwa Uhuru Kwanza, nyingine Kucheza Blues. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku.

Niliisikia kwanza kwa simu, kwa programu ya muziki ambayo mjukuu wangu aliniwekea. Kwenye kioo palikuwa na jina la Weston na picha ndogo ya jalada. Liston hakuwepo. Sanga hakuwepo. Nilisikia Kiswahili kikitoka kwenye simu, Kiswahili safi cha mtu wa kwetu, kikiwaambia Wamarekani habari za uhuru, na hapakuwa na mahali popote pa kunionyesha ni nani anayesema. Nilikuja kujua siku niliposhika toleo lililochapishwa upya, lenye maelezo nyuma ya jalada, kwenye duka la fundi. Nilisoma jina lake kwa sauti ili wote wasikie. Fundi aliomba tuanze upya upande wa kwanza.

Kwa hiyo mtu akiniambia toleo jipya ni karatasi na plastiki ya kuuziwa mara ya pili, namwambia kwamba kwangu ile karatasi ndiyo iliyomrudishia Sanga jina lake. Na si yeye peke yake. Miaka kumi baadaye mpiga piano Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili, wakisaidiwa na James Mtume: Hancock akawa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart wa ngoma akawa Jabali, Eddie Henderson, ambaye kweli ni daktari wa tiba, akawa Mganga. Albamu ya Mwandishi ilitoka 1971. Anayeitoa upya na kuyaacha majina hayo nje ameitoa nusu.

Na kanda zinapotoka ni jambo la kutufikirisha sisi wa hapa. Tarehe 6 Machi 1963 John Coltrane na bendi yake ya watu wanne walirekodi kwa Van Gelder santuri nzima ambayo haikutolewa, na kanda mama ikapotea. Iliyookoa kazi ile ni nakala ya mono ambayo Coltrane aliichukua kwenda nayo nyumbani, ikabaki mikononi mwa familia ya mkewe wa kwanza, Naima. Ikatolewa mwaka 2018, miaka 55 baadaye. Ilikuwa nyumbani kwa watu tu, kwenye boksi.

Muziki wetu wa dansi umetolewa upya pia, na kwa sehemu kubwa na watu wa mbali. Kampuni ya Buda Musique ya Paris ina mfululizo wa Zanzibara. Sterns ya London ilitoa mwaka 2016 mkusanyiko wa Urgent Jumping wa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki. Nawashukuru kwa dhati, kwa sababu bila wao vijana wengi wasingesikia santuri hizo. Lakini nyimbo nyingi za aina hiyo zimenakiliwa kutoka kwenye santuri ndogo za 45 zilizochakaa, kwa kuwa kanda hazikupatikana, na mara nyingi chini ya wimbo unakuta jina la bendi tu, labda na mtunzi. Nani alipiga gitaa la solo? Nani alipiga saksafoni ile ya pili inayolia mwishoni? Hapa Tanga tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Wapo wazee katika mji huu waliocheza muziki huo ukumbini wakiwa vijana, na wanaweza kukutajia mpigaji kwa kusikia nota chache. Hakuna aliyewauliza na kuandika.

Nina ombi, Mhariri, na wenzangu wa Jumamosi wamekubaliana nalo. Ukurasa wenu wa burudani utenge nafasi ndogo kila wiki, hata ya sentimita kumi, kwa ajili ya santuri moja ya bendi za zamani: jina la wimbo, namba iliyoandikwa kwenye lebo, na wapigaji kadiri wasomaji wanavyowakumbuka. Msomaji mwenye santuri ya Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Cuban Marimba au bendi yoyote, aangalie lebo na mfuko wake. Mara nyingi mwenyewe wa kwanza aliandika kwa kalamu mwaka aliponunua, na pengine jina la mwimbaji. Mwenye kanda ya rili aliyoiacha baba au babu asiitupe hata kama imeshika ukungu, na asijaribu kuicheza kwenye mashine mbovu. Aiweke pakavu, isimame wima, mbali na spika na sumaku yoyote, halafu awaandikie ninyi.

Kwa upande wetu, fundi ana mashine ya rili inayofanya kazi na yuko tayari kunakili bila malipo kwa yeyote atakayefika Tanga na kanda yake, na kanda ataondoka nayo mwenyewe mkononi. Mimi nitaandika orodha ya majina kwa mkono na kuituma kwenu kila mwezi, pamoja na jina la mzee aliyetuambia kila jambo, kama ataridhia litajwe.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Ngamiani, Tanga